Pweza wa Upande wa Pili

Mkanda wa mpira ulipomponyoka mara ya tatu asubuhi ile, ukamchapa kwenye vifundo vya vidole, kaka yangu hakutoa hata sauti. Aliutazama mkono wake wa kushoto kama mtu anayemtazama mdogo wake aliyemtia aibu mbele ya wageni. "Jasho tu hilo," akasema. Halikuwa jasho. Mimi nilikuwa nimekaa palepale karakana, kwenye kochi lisilo na mito, nasubiri aniazime pampu ya baiskeli, na niliona vizuri: kidole cha pete na kile cha mwisho vilikuwa vimejikunja vyenyewe na havitaki kunyooka.

Kaka ni fundi wa makochi. Wateja wanamwita Fundi, mke wake anamwita Fundi, hata mama yetu mwishoni alimwita Fundi. Kochi lote ni mikanda ile ya chini. Unaivuta kwa mkono wa kushoto mpaka ilie, unaipiga pini kwa mkono wa kulia. Usipoivuta sawasawa, mteja atakaa miezi miwili makalio yaguse sakafu, kisha atakurudishia kochi pamoja na matusi. Kwa hiyo mkono wa kushoto ndio uliojenga nyumba ile, ndio uliosomesha watoto, na mkono huohuo alikuwa anaumaliza taratibu kwa ajili ya mtu asiyemjua, ambaye sisi tulimwita Pweza.

Hapa inabidi nieleze, na nikieleza nitakasirika. Mnivumilie.

Nyumbani kwetu kulikuwa na redio ya kaseti yenye spika mbili. Siku moja ikaanguka kutoka juu ya kabati, spika ya kulia ikapasuka. Baba hakuwa mtu wa kutupa kitu. Akaifungua kwa kisu cha mezani, akakata nyaya za ile spika iliyokufa akaziunga kwenye ile nzima, akafunga, akaridhika. Tangu siku hiyo kila kitu kilitoka upande mmoja, hotuba, taarabu, mpira, na hatukuona kasoro yoyote. Tungeionaje? Ndiyo redio tuliyokuwa nayo.

Kisha mpangaji wa chumba cha uani akahama bila kuaga. Aliacha kiatu kimoja, pasi isiyo na waya, na kaseti. Karatasi ya kaseti ilikuwa imefutika maandishi. Ndani mlikuwa na nyimbo kumi na moja za roki, zimerekodiwa mfululizo, hakuna mtangazaji, hakuna jina. Kaka alikuwa na miaka kumi na minane, mimi kumi na mitatu. Waimbaji hatukuwaelewa wanalalamika nini. Tulichoelewa ni magitaa.

Kwa vile hatukuwa na majina, tuliwapa majina. Kulikuwa na Karani, anayeweka kila noti mahali pake kama anapanga mafaili, hana noti hata moja ya kumfurahisha mtu, na ukimsikiliza mara kumi ndipo unagundua kwamba ukimwondolea hata moja wimbo wote unachechemea. Kulikuwa na Mlevi. Huyo alikuwa akiuvuta uzi pembeni mpaka noti inapepesuka kwenda kwa mwenzake, unashika roho kwamba sasa anatumbukia mtaroni, na hatumbukii hata siku moja. Anafika kachelewa, lakini anafika palepale. Kulikuwa na Mfiwa, ambaye kazi yake yote ilikuwa noti moja. Anaibinya, anaitetemesha, anaiacha ife yenyewe, na wewe unataka kumuuliza amefiwa na nani. Mimi nilimpenda mmoja tuliyemwita Bwana Kimya. Anapiga vitu vitatu, ananyamaza, unadhani ameondoka, halafu anapiga cha nne, na hicho cha nne kinakaa kwa sababu ya kule kunyamaza. Nilimpenda kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyejua kunyamaza.

Halafu, mwisho wa upande wa pili, alikuja Pweza.

Sijui nimwelezeje. Gitaa linapanda mbio, juu, juu zaidi, na chini yake kuna sauti nyingine inashuka polepole kama mtu anayeshuka ngazi akihesabu. Zinakutana katikati, zinapishana, kila moja inakwenda zake, halafu zinageuka na kurudiana. Kama mtu anayejiuliza swali na kujijibu kabla hajamaliza kuuliza. Dakika nne nzima. Kaka aliposikia mara ya kwanza alikaa sakafuni. "Huyu ana mikono minane," alisema, na jina likapatikana hapohapo.

Kuanzia siku hiyo wengine wote wakawa wanafunzi. Kaka alinunua gitaa la umeme kwa mshahara wake wa kwanza kule alikokuwa akijifunza ushonaji wa viti, na akaapa atampiga Pweza mwanzo hadi mwisho, peke yake, kwa mikono yake miwili.

Sasa, tukio lenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimeazima kwa jirani gitaa kuukuu la mbao lenye nyuzi nne, na kwa wiki kadhaa, kaka akiwa kazini, nilikaa na redio nikaifuata ile sauti inayoshuka ngazi. Si kwamba nilikuwa na kipaji. Ile ya juu ilikuwa inanishinda mbio, basi nikashika ile ya chini. Jumapili moja kaka anafanya mazoezi chumbani, nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikaanza kumsindikiza. Tulikwenda vizuri kidogo. Kisha akaacha, akageuka, akanizaba kofi lililonizima taa.

"Unanivuruga! Pweza ana msaidizi? Umewahi kusikia Pweza ana msaidizi?"

Nilirudisha gitaa la watu jioni ileile. Sikushika jingine. Msinionee huruma, nilipata kazi nzuri, nasoma mita za maji, natembea mitaa mingi na najua mbwa wote. Ila kofi lile sijalisahau, na yeye, kwa miaka ishirini na tisa, hakuligusia hata mara moja.

Miaka ishirini na tisa! Mtu mzima, mwenye karakana yake, mwenye wateja, kila jioni akifunga kazi anaegemea mlango, anachomeka gitaa kwenye amplifaya ndogo na kuanza. Ili apate zile sauti mbili kwa mkono mmoja, alilizungushia gitaa dole gumba juu ya shingo ligandamize nyuzi nene, huku vidole viwili vya mwisho vikitanuliwa mpaka vinapauka, kiwiko kimekunjwa kama anajikinga na ngumi. Aliipiga msasa shingo ya gitaa iwe nyembamba. Alijinyoosha vidole kwa vibanio vya nguo. Na kila jioni alifika palepale, pale sauti zinapopishana, mahali tulipopaita Kona, na palepale mkono ukakataa. Akakosea. Akarudia. Akakosea. Mtaa mzima uliijua Kona. Muuza magazeti alikuwa akisikia imekaribia anasema, "Sasa hivi anaanguka," na kaka anaanguka.

Bendi moja ya hoteli iliwahi kumchukua. Alidumu siku mbili. Alimwambia mpiga gitaa mwenzake anyamaze, kwamba yeye mwenyewe anapiga vya kutosha kwa wote wawili.

Aliyempinga waziwazi ni Seremala, jirani wa karakana, anayemtengenezea fremu. Hao wawili walibishana mpaka gundi inakauka kwenye brashi.

"Fundi, mbio siyo upigaji," Seremala alikuwa akisema. "Mbio hata cherehani inazo. Mpigaji ni Mfiwa. Noti moja tu, na mimi hapa nilimkumbuka marehemu mama."

"Sisemi mbio, wewe hunielewi. Nasema Pweza anafikiri mambo mawili kwa wakati mmoja."

"Hakuna mtu anayefikiri mawili kwa wakati mmoja."

"Ndiyo maana wewe unatengeneza fremu."

Nilikuwa nacheka, siwezi kusema uongo. Lakini nilikuwa pia nachemka. Kwa sababu kwenye ubishi ule kaka alijua kila kitu. Angeweza kukueleza kwa nini Karani anatisha bila kupandisha sauti, na kwamba Mlevi havuti uzi kwa kidole bali kwa kifundo cha mkono wote. Alikuwa akisema namna mtu anavyoitetemesha noti ni kama mwandiko wake, huwezi kuughushi. Alikuwa na sikio ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Na sikio hilo lote akalifungia kwenye dakika nne za mtu mmoja, akakataa kupiga wimbo mwingine wowote, na akajipa tarehe: siku atakayotimiza hamsini, Pweza atakuwa kamili au gitaa litavunjwa kuni. Siku ambayo mkanda ulimponyoka mara tatu, ilikuwa imebaki miezi minane.

Shemeji ndiye aliyemburuta zahanati, nami nikaenda kama askari wa kuzuia asitoroke. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alichukua pini, akamgusa kidole cha mwisho.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Fumba macho. Sasa unasikia?"

"Mbona hujagusa?"

Alikuwa amegusa. Alikuwa ameididimiza kiasi kwamba mimi ndiye niliyesikia. Shemeji akaangalia ukutani.

Daktari akatuonyesha pale katikati ya dole gumba na kidole cha shahada, nyama imezama, pamekuwa kama kijiko. Akasema mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiwiko umebanwa miaka mingi. Kuvuta mikanda si tatizo kubwa, tatizo ni kile kiwiko kilichokunjwa na vidole vilivyotanuliwa. "Ukiacha sasa, mkono unaweza kurudi, si wote. Ukiendelea, mwakani hutashika hata kikombe."

"Kwani hakuna dawa?" kaka akauliza.

"Dawa ni kuacha."

Jioni ile shemeji alilifunga gitaa kwenye kipande cha mahameli kilichobaki kwenye kochi la mteja, akaniletea nyumbani. "Lifiche, shemeji. Usimwambie liko wapi, hata akilia." Nililiweka juu ya kabati langu. Nilikuwa sijalala chumba kimoja na gitaa tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitano, na lilinikera kulitazama.

Wiki zilizofuata kaka hakuwa mtu wa kukaa naye. Aligombana na wateja, akamnunia Seremala, akamfokea shemeji kwa sababu chai ina majani. Mimi kwa ujinga wa huruma nikaona, basi angalau asikilize. Redio ya baba ilikuwa imeshaanza kutafuna kaseti. Nikaichukua kaseti, nikampelekea fundi wa redio mmoja kule ninakosoma mita, ana mashine ya kuhamisha kaseti kwenye simu. Alinifanyia siku ileile. Nikanunua na vifaa vya masikioni, nia yangu nimpe kaka mwisho wa wiki.

Kesho yake nikavivaa mwenyewe kazini. Kwa nini nisivivae? Nilikuwa mtaa wenye mita za chini ya ardhi, zile unazopiga magoti ufunue mfuniko wa chuma. Pweza ndiyo kwanza anaanza kupanda. Nikainama, mfuniko mzito, kifaa cha sikio la kushoto kikachomoka kikaning'inia. Na ile sauti inayoshuka ngazi ikatoweka.

Nikadhani simu imeharibika. Nikakirudisha, sauti ikarudi. Nikatoa cha kulia. Safari hii ikatoweka ile inayopanda mbio, ikabaki ile ya chini peke yake, safi, haina haraka, kama mtu yuko chumba kingine anapiga bila habari na mtu. Nikabadilisha tena. Kushoto. Kulia. Kushoto. Wamekaa mbalimbali kabisa, kila mtu kiti chake, kila mtu gitaa lake. Walikuwa wawili. Walikuwa wawili tangu siku ya kwanza, na baba yetu, Mungu amrehemu, aliwaunga nyaya wakatoka mdomo mmoja.

Mwenye nyumba akatoka. "Mita imeharibika?"

"Hapana, mama. Iko sawa."

"Mbona umekaa chini?"

Nilianza kucheka, halafu kicheko kikageuka hasira. Kofi langu! Pweza ana msaidizi? Alikuwa naye! Tena msaidizi mwenyewe anapiga kilekile nilichokuwa nimekipiga mimi ukingoni mwa kitanda, ngazi kwa ngazi, nilikitambua kama mtu anavyolitambua shati lake mgongoni mwa mtu mwingine.

Nilikaa na siri hiyo siku nane. Siku ya kwanza nilitaka kukimbia nikamtupie usoni. Siku ya pili nikaona ni ukatili. Mtu kajiulia mkono kwa ajili ya kitu ambacho hakipo, unamwambiaje? Siku ya tano nikawa nimeamua kufa nayo. Siku ya nane shemeji akapiga simu.

"Njoo umwone ndugu yako. Mimi nimechoka."

Alinipeleka nyuma ya karakana kimyakimya. Kaka alikuwa amekaa juu ya sponji, katupa mgongo. Mapajani ana ubao wa mkono wa kochi, mrefu, ameuchora mistari sita kwa chaki ya fundi, na amekunja kiwiko kilekile, ametanua vidole vilevile, anapiga Pweza juu ya ubao. Hakuna sauti hata kidogo. Vidole viwili vya mwisho havikuwa vinakwenda popote, alikuwa akiviinua kwa mkono wa kulia na kuvipachika mahali pake kimojakimoja, kama anavyopachika vifungo.

Huruma ikaisha. Nikapandwa na mori kabisa.

"Vaa hivi," nikamwambia.

Aliruka. "Nani kakuleta? Shemeji yako?"

"Vaa, Kaka. Ni kaseti yetu. Vaa kisha nitakuambia la kufanya."

Alivaa. Wimbo ulipoanza uso wake ulilegea, maskini, alifumba macho. Sikumpa nafasi ya kufurahi. Nilichomoa kifaa cha kushoto, nikasubiri. Nikakirudisha, nikachomoa cha kulia. Nikasubiri. Nilimwona anavyoelewa. Ilianzia kwenye paji la uso.

"Umekichezea," akasema.

"Sijachezea kitu."

"Simu hizi zinakata sauti."

"Basi kamuulize fundi wa redio. Redio ya baba ilikuwa na spika moja, Kaka. Wako wawili."

Akainyakua simu. Akaurudia wimbo mwanzo, sikio la kulia. Akaurudia, sikio la kushoto. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, Seremala naye akaja na randa mkononi. Kaka akainua kichwa, na nikaona anatafuta pa kushikilia.

"Huenda ni yeye yule. Kajirekodi mara mbili. Wanafanya hivyo."

"Hata kama. Mara mbili ni mara mbili. Hakuna mkono mmoja hapo."

Alirudi kusikiliza, na mara hii alisikiliza kama alivyokuwa akibishana, kwa sikio lile lake. Tulisubiri dakika nne zote. Alipovua vile vifaa alivikunja vizuri kabisa, akaniwekea mkononi.

"Wa kulia anatetemesha kwa kifundo," akasema. "Wa kushoto kwa ncha ya kidole. Ni watu wawili."

Kisha akauchukua ule ubao wenye mistari ya chaki, akaupiga pini kwenye kochi la mteja, mahali pake, akaanza kuufunika kitambaa. Alikosea upande wa kitambaa. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Baada ya hapo akaninunia. Mimi! Si baba aliyeunga nyaya, si mpangaji aliyeacha kaseti, mimi niliyechomoa kifaa sikioni. Wiki tatu nzima nikipita karakana anaingia ndani. Shemeji alisema nyumbani anakula, analala, anafanya mazoezi yote aliyoelekezwa na daktari, ila haongei. Siku moja tu alimuuliza kama anadhani wale wawili walikuwa ndugu. Shemeji akasema hajui. Akaitikia, "Mimi pia sijui," na basi. Nami nilikuwa na hasira zangu pia. Nilikuwa nimengoja neno moja tu, na katika yote aliyoyasikia siku ile, hakuonekana kukumbuka kwamba kuna mtu alizabwa kofi.

Jumapili moja alasiri akabisha hodi kwangu. Hakukaa. Alitazama juu ya kabati moja kwa moja, kana kwamba alijua siku zote.

"Lilete."

"Daktari alisema..."

"Nimesema lilete, dogo. Sitalila."

Nililishusha. Nilikuwa tayari kushikana naye mashati kama angekunja kiwiko kile mbele yangu. Alilitoa kwenye mahameli, akalipangusa, akalipatanisha nyuzi kwa mkono wa kulia, kisha akalinyoosha kwangu.

"Shika."

"Mimi sipigi. Unajua sipigi."

"Shika. Ile ya chini. Ya kushoto."

"Nimeshasahau, Kaka. Ni miaka ishirini na tisa!"

"Mimi sijasahau. Kidole cha shahada hapo. Siyo hapo. Hapo."

Saa nzima iliyofuata ilikuwa adhabu. Nyuzi zilinikata, vidole vyangu vimezoea kalamu na mifuniko ya chuma. Nikibinya huku, kule kunakoroma. Ngazi ya tatu naruka, ya tano naikanyaga mara mbili. Kaka alisimama juu yangu na mkono wake ule uliozama nyama ameuweka mfukoni, akinikosoa kama mwalimu wa zamu. "Polepole. Huyu hana haraka. Mwenzake ndiye mwenye haraka." Nilikosea. Nikarudia. Nikakosea palepale, Kona, na nikajikuta natukana matusi yaleyale aliyokuwa akitukana yeye.

"Siku ile hukuipita hivyo," akasema.

Nikaacha kupiga. "Siku gani?"

"Ukingoni mwa kitanda. Hapo Kona ulirudi nyuma ngazi moja, halafu ukashuka mbili. Ulikuwa umeipata."

"Umekumbuka vipi?"

Alikwenda akasimama dirishani. Alisema akiwa amenipa mgongo.

"Mimi ile ya chini nilijua ipo, ila noti zake nilikuwa sizisikii. Kwenye redio nilikuwa nasikia mchanganyiko tu, vumbi. Wewe ulipoipiga ndipo nikaisikia. Yote. Nikaichukua kwako nikaiweka kwenye dole gumba langu."

Miaka yote hiyo, mkono wote ule, alikuwa akijaribu kupiga pamoja na mimi, bila mimi.

"Na kofi?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka ya mtoto, nilijichukia.

"Kofi lilitokana na hilohilo. Uliipata kwa wiki chache, na gitaa la nyuzi nne. Mimi nilikuwa mkubwa."

"Ungeniambia. Miaka ishirini na tisa, Kaka, ungeniambia!"

"Ningekuambia, ungetaka tupige wote."

Nilitamani kumvunjia lile gitaa kichwani. Nasema kweli. Lakini aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba kochi peke yake ngazi nyingi, halafu akafika juu akaambiwa kulikuwa na mtu wa kumshika upande wa pili. Akavuta kigoda, akaketi mbele yangu, magoti yetu yakagusana kwa udogo wa chumba.

"Anza tena. Ya juu nitaiimba mimi."

Nilianza. Yeye akafumba macho akaingia kwa mdomo, mbio, noti zote, hakuna hata moja iliyopotea. Chini yake mimi nikawa nashuka ngazi kwa woga. Tulifika Kona. Nikarudi nyuma ngazi moja, nikashuka mbili, na kwa muda mfupi tukapishana bila kugongana, nikasikia kitu nilichokisikia mara ya mwisho nikiwa na miaka kumi na mitano, sekunde chache kabla ya kofi. Nikashtuka. Kichwa kikaingia mabegani chenyewe, vidole vikateleza, uzi ukakoroma.

Kaka alifumbua macho. Aliniona nilivyojikunyata. Akaniwekea mkono ule mbovu begani, vidole viwili havina nguvu hata ya kushika shati.

"Rudia," akasema.